"Kwenu ni wapi?" Jinsi watoto wetu wanavyoelewa neno nyumbani



Safari hii hatuzungumzi juu ya mbolea wala mkopo wa mzunguko. Tunataka tuongee juu ya swali moja ambalo sisi watu wazima huwauliza watoto kila siku, njiani, dukani, hata mlangoni mwa kanisa: "Wewe kwenu ni wapi?" Tunauliza kwa nia njema, kama salamu tu. Lakini katika sehemu hii yetu ya Molo swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kutoka kwa jibu tunalomfundisha, mtoto anajifunza jambo kubwa: ni nani mwenye haki ya kukaa hapa, na ni nani anayepita tu.

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya walimu, yanahusu nini kikundi cha kujisaidia? Yanahusu sana. Wanachama waliowahi kuchomewa nyumba wanajua kwamba tangi la maji, ng'ombe wa maziwa na akiba ya miaka kumi vinaweza kuisha kwa usiku mmoja. Maendeleo yote tunayojenga yanasimama juu ya msingi mmoja, kwamba jirani anakubali kuwa mimi pia ni wa hapa. Na jirani wa kesho ni huyu mtoto ambaye leo yuko Gredi ya 3.

MASWALI MAWILI, MAJIBU MAWILI

Hebu jaribuni wenyewe. Mwulize mtoto aliyezaliwa Elburgon au Turi, "Unakaa wapi?" Atajibu mara moja. Atataja kijiji, au senta, au jina la shamba la zamani la mzungu. Sasa mwulize, "Na kwenu ni wapi?" Hapo atanyamaza kidogo. Kisha, si ajabu, atasema Murang'a, au Bomet, au Kisii, au Kakamega. Pengine hajakanyaga huko hata siku moja, au alipelekwa mara moja tu kumzika nyanya yake. Hajui mto wa huko, hajui duka la huko. Lakini ameshajua kwamba jibu linalotakiwa na watu wazima ni hilo.

Basi mtoto huyo ana mahali anapokaa ambapo si kwao, na ana kwao ambapo hakai. Sisi tumezoea mambo haya tangu zamani, hatuoni ajabu yoyote. Lakini jiwekeni katika viatu vidogo vya mtoto wa miaka minane. Ataelewa nini?

Tuangalie kwanza maneno yenyewe tunayotumia.

NYUMBANI ni mahali anapolala, mama alipo, jiko linapowaka. Kwa mtoto mdogo hili ndilo neno lenye maana kamili.

KWETU ni neno la watu. Mtu akisema "kwangu" anataja nyumba yake. Akisema "kwetu" anataja watu wake. Ndiyo maana neno hili lina nguvu: linategemea huyu "sisi" ni nani. Kama "sisi" ni kijiji kizima, kwetu ni kijiji kizima. Kama "sisi" ni kabila, basi jirani mnayechota maji naye kisima kimoja amebaki nje ya mlango.

USHAGO ni neno la vijana. Ni mahali pa kwenda Desemba, kwa babu na nyanya.

RIZAVU ni neno la wazee wetu, na wengine bado wanalitumia. Ni vizuri kujua lilikotoka. Serikali ya kikoloni ilitenga eneo kwa kila kabila, na mwaka 1926 mipaka ya maeneo hayo ikatangazwa rasmi. Mwanamume aliyetoka nje ya rizavu kutafuta kazi alilazimika kubeba kipande shingoni. Kwa hiyo wazo kwamba kila kabila lina kipande chake cha nchi, na ukiwa nje yake wewe ni mpitaji, halikuletwa na mababu peke yao. Lilikazwa na sheria za mkoloni, na sisi tukalirithi pamoja na neno lake.

NCHI na TAIFA ni maneno ya shule, ya bendera na ya redio. Mtoto huyasikia mapema sana lakini huyaelewa polepole.

MTOTO HUKUA VIPI KATIKA JAMBO HILI?

Mwaka 1951, Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza akili za watoto, pamoja na mwenzake Anne-Marie Weil, walitoa maandishi juu ya jinsi watoto wanavyoelewa nchi yao. Walikuwa wameongea na watoto zaidi ya 200 wa mji wa Geneva, kuanzia wenye miaka 4 hadi 15. Maswali yao yalikuwa rahisi: Geneva iko wapi? Wewe ni Mswisi? Unaweza kuwa mtu wa Geneva na Mswisi kwa wakati mmoja? Majibu waliyopata yanatusaidia hata sisi, ingawa Geneva ni mbali na Molo.

Watoto wadogo walisema vizuri kabisa kwamba Geneva iko ndani ya Uswisi. Lakini walipoambiwa wachore duara la Geneva na duara la Uswisi, waliyachora kando kando, kama visahani viwili juu ya meza. Na wengi walikataa kwamba mtu anaweza kuwa wa Geneva na wa Uswisi pamoja. Kwao ilikuwa lazima uwe hiki au kile. Ilipofika miaka kumi au kumi na moja hivi, ndipo duara moja lilipoingia ndani ya lingine, na mtoto akaweza kusema: mimi ni wa hapa, na kwa hiyo ni wa pale pia.

Wataalamu waliofuata, kama Gustav Jahoda aliyeongea na watoto wa Glasgow katika miaka ya 1960, walionyesha kwamba watoto hawapandi ngazi hizi wote kwa mpango mmoja. Mwingine huwahi, mwingine huchelewa, na mazingira anamokulia yanachangia. Hilo tunalikubali. Mtoto wa Molo aliyepanda matatu kwenda Kisii kila Desemba anajua mambo ambayo mtoto asiyetoka kijijini hayajui. Lakini mwendo wa jumla tunaweza kuutambua katika nyumba zetu.

Mtoto wa chekechea: nyumbani ni mama, ni mbwa, ni uji. Ukimwambia achore nyumbani, usishangae akichora mlango, moshi na kuku. Kenya ni neno la wimbo tu.

Mtoto wa miaka saba hadi tisa: anajua majina mengi, lakini ameyapanga kama visahani. Molo ni kisahani kimoja, Nakuru kingine, Kenya kingine. Atakuambia, "Mimi si wa Nakuru, mimi ni wa Molo." Huu si ukaidi. Akili yake bado haijaweza kuweka kimoja ndani ya kingine.

Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na mbili: visahani vinaanza kuwa sufuria. Mnajua zile sufuria zinazouzwa pamoja, ndogo inaingia ndani ya kubwa, na hiyo ndani ya kubwa zaidi? Sasa anaelewa kwamba boma liko ndani ya kijiji, kijiji ndani ya Molo, Molo ndani ya Kaunti ya Nakuru, Nakuru ndani ya Kenya, na Kenya ndani ya Afrika. Hata masomo ya jamii shuleni yamepangwa hivyo: Gredi ya 4 anasoma kaunti yake, Gredi ya 5 anasoma Kenya, Gredi ya 6 anavuka mipaka kwenda nchi jirani.

Sasa angalieni hatari ilipo. Ule umri wa visahani, miaka saba hadi tisa, ndio umri ambao mtoto anaanza kusikiliza kwa makini mazungumzo ya wakubwa. Tukimwambia wakati huo, "Wewe si wa hapa, kwenu ni Murang'a," yeye hawezi kusema moyoni, "Ni kweli, lakini pia mimi ni wa hapa." Visahani vyake haviingiani. Anasikia jambo moja tu: hapa si kwetu. Na mwenzake, ambaye baba yake amemwambia "hapa ni kwetu, hao wamekuja tu," naye anasikia jambo moja tu: huyu rafiki yangu ataondoka. Wote wawili tumewakata, na hakuna aliyeona damu.

MGENI NI NANI?

Kuna jambo lingine katika maandishi yale ya 1951 ambalo tunaomba mlitafakari. Watoto wa Geneva waliulizwa: mgeni ni nani? Wadogo walisema Wafaransa ni wageni, Waitaliano ni wageni. Wakaulizwa tena: na Mswisi akienda Ufaransa, yeye je, ni mgeni huko? Wakasema hapana! Mswisi si mgeni, ni Mswisi. Kwao mgeni ilikuwa kama rangi ya ngozi ya mtu, haibadiliki. Hawakujua bado kwamba ugeni ni jambo la pande mbili, kwamba mimi ni mgeni kwako jinsi wewe ulivyo mgeni kwangu.

Waliulizwa pia: kama ungezaliwa bila nchi, ungechagua nchi gani? Wengi walichagua Uswisi. Na mtoto Mfaransa akiulizwa, atachagua gani? Wadogo walijibu kwamba hata yeye atachagua Uswisi, kwa sababu ndiyo nzuri! Wakubwa kidogo ndio waliosema: yeye atachagua Ufaransa, kwa sababu anapenda kwao jinsi mimi ninavyopenda kwetu.

Jibu hilo la mwisho, ndugu zetu, ni dogo lakini ndilo mbegu ya amani. Mtoto aliyefika hapo amejua kwamba moyo wa mwenzake una nyumbani pia. Ubaya ni kwamba mtu anaweza kuwa na miaka hamsini, ana mvi, ana wajukuu, na hajafika hapo bado. Mtu mzima anayesema "sisi tukienda kwao ni raia wenye haki, wao wakija kwetu ni wavamizi" anafikiri kama mtoto wa chekechea wa Geneva.

KWA NINI MOLO JAMBO HILI NI ZITO

Historia ya nchi hii ya Molo si ya watu wa aina moja. Waogiek waliishi katika msitu wa Mau tangu zamani, wakirina asali na kuwinda. Wamasai walilisha mifugo yao katika Bonde la Ufa mpaka makubaliano ya mwaka 1904 yalipowaondoa ili masetla wapewe ardhi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 ikipitia hapa juu, na masetla wakaifuata. Wakaleta wafanyakazi: Wakikuyu, Wakipsigis, Waluhya, Waluo, Wakisii na wengine. Wengi waliishi kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi kwa bwana siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa. Watoto wao walizaliwa kwenye mashamba hayo, na bado hawakuitwa wa hapo.

Kule Olenguruone, serikali ya mkoloni iliwapa familia za Wakikuyu makao mwaka 1941. Kabla ya miaka kumi kwisha ikawafukuza, na wengine wakapelekwa hadi Yatta, katika ukame. Baada ya Uhuru wa 1963 zikaja skimu za makao na kampuni za kununua mashamba. Watu walichanga shilingi kwa shilingi, wakapata ekari mbili au tano, wakapanda viazi na pareto.

Kisha vikaja vita vya kikabila. Vilianza mwezi wa Oktoba 1991 huko shamba la Meteitei, Tinderet, na mwaka 1992 vikafika Molo. Mwezi wa Januari 1998 vikawaka Njoro. Mwisho wa mwaka 2007, hata kabla ya kura kupigwa, watu wa Kuresoi walikuwa tayari wanakimbia. Baada ya kura nchi nzima iliingia katika fujo, na Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa hema. Mwezi wa Mei 2008 serikali ikaanzisha mpango wa kuwarudisha watu mashambani, nao ukaitwa Operesheni Rudi Nyumbani.

Lakini nyumbani palikuwa wapi? Kuna waliorudi kwenye shamba lililoungua, wakaanza upya kando ya jirani yule yule. Kuna walioogopa wakaenda "kwao" kwa babu, wakakuta hakuna shamba na hakuna anayewajua, na watoto wao wakachekwa kwa namna wanavyoongea. Na kuna waliounganisha pesa kidogo walizopewa, wakanunua ploti pamoja. Kule Maai Mahiu, kikundi cha waliotoka upande wa Eldoret walinunua ardhi na makao yao yakaitwa Vumilia Eldoret. Fikirini mtoto anayekua hapo: anaishi Maai Mahiu, jina la kijiji linamwambia Eldoret, na mtu mwingine anamwuliza kwao ni wapi.

Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1992 leo amepita miaka arobaini. Aliyekuwa na miaka 7 Januari 2008 leo ni mtu mzima, pengine ana mtoto wa chekechea. Kila mmoja wao alijifunza neno "nyumbani" mara mbili: mara ya kwanza kwa mama, mara ya pili kwa moto. Na sasa wao ndio wanaowafundisha wengine.

Vita hivyo havikuanza na mishale. Vilianza na maneno. Watu waliitwa "madoadoa," ati ardhi ina madoa yanayotakiwa kufutwa. Waliitwa "kwekwe," magugu ya kung'olewa. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliyaweka maneno hayo katika orodha ya maneno ya chuki. Ni vizuri. Lakini tume haikai jikoni kwetu jioni tukipika. Anayekaa pale ni mtoto, akijifanya anafanya hesabu huku masikio yote yako kwetu.

JE, TUMFICHE MTOTO UKWELI?

Hapana. Wengine watatuambia: "Nyinyi wa kanisa mnataka tusahau. Ardhi yetu ilichukuliwa." Tunaelewa. Kusema kwamba kila mtoto aliyezaliwa hapa ni wa hapa si kusema kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Waogiek walikwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa kwa kufukuzwa kutoka msitu wa Mau. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Mtoto wa Mariashoni ana haki ya kujua hadithi hiyo. Na mtoto wa aliyechomewa nyumba ana haki ya kujua kwa nini kuna msingi wa nyumba bila nyumba pale kando ya njia.

Tofauti ni hii. Unaweza kumpa mtoto historia, au unaweza kumpa deni. Ukimpa historia unamwambia: haya yalitokea, walioyafanya walikuwa watu kadhaa, walioumia walikuwa hawa, na mambo ya ardhi yanatengenezwa na mahakama, na serikali, na wazee wakikaa chini. Ukimpa deni unamwambia: wale watoto unaocheza nao ndio waliotudhulumu, siku moja utawadai. Mtoto hawezi kulipa deni hilo wala kulidai. Ataishia tu kulibeba, na mwanasiasa mmoja atakuja mwaka wa kura kumwonyesha pa kulitua.

SHERIA NA IMANI ZINASEMAJE?

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema wazi. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote nchini Kenya. Kifungu cha 40 kinampa mtu haki ya kuwa na mali, peke yake au pamoja na wengine, katika sehemu yoyote ya nchi. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa hapa kwa wazazi Wakenya hahitaji ruhusa ya mtu yeyote kuwa wa hapa.

Na wimbo wa taifa, ambao watoto wanauimba shuleni bendera inapopandishwa, sauti yake imetoka wapi? Imetoka kwa Wapokomo wa Mto Tana. Ilikuwa sauti ya wimbo wa mama kumbembeleza mtoto. Hadithi hii inafaa kusimuliwa, kwa sababu inamwonyesha mtoto jinsi sufuria ndogo inavyokaa ndani ya kubwa: wimbo wa mama mmoja ukawa wimbo wa nchi nzima, na Wapokomo hawakupoteza chochote.

Kwa upande wa imani, tumwangalie Yesu mwenyewe. Alizaliwa Bethlehemu kwa sababu huko ndiko ukoo wa Yosefu ulikotoka na ilibidi wakaandikishwe. Angali mdogo akawa mkimbizi Misri. Akakulia Nazareti, na maisha yake yote aliitwa Mnazareti, na kuna waliouliza kwa dharau kama jambo jema linaweza kutoka huko. Tungekutana naye njiani akiwa na miaka minane tukamwuliza, "Mtoto, kwenu ni wapi?" angejibu nini? Na nabii Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli wajenge nyumba, wapande mashamba, na wauombee amani mji ule walikopelekwa, maana amani yake ingekuwa amani yao.

Tukumbuke pia Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki. Alizaliwa Mwala, Machakos, mwaka 1931, na alikuwa Askofu wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996. Vita vya miaka ile ya 1990 vilipowaka hakusema "mimi ni mtu wa Ukambani, hayanihusu." Alisimama akasema wazi juu ya waliofukuzwa, wa kila kabila.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Badilisheni swali. Badala ya "kwenu ni wapi?" mwulize mtoto: "Unakaa wapi? Ulizaliwa wapi? Babu na nyanya wako wapi?" Ni maswali matatu yenye majibu matatu ya kweli, na hakuna jibu linalomfukuza mtoto.

2. Mfundisheni kwa sufuria. Siku ya mkutano, akina mama waje na sufuria nne au tano za ukubwa tofauti. Mtoto apewe ndogo kabisa, aambiwe hii ni boma letu, kisha aiweke ndani ya inayofuata, kijiji, halafu Molo, Nakuru, Kenya. Mwulizeni: tukiiweka ndogo ndani ya kubwa, ile ndogo imepotea? Mtoto wa miaka saba atajifunza kwa mikono jambo ambalo kichwa chake bado hakijaliweza.

3. Msiache kwenda ushago. Mpelekeni mtoto kwa babu, ajue lugha ya mama, ajue makaburi ya ukoo. Hilo ni jema. Ongezeni tu neno moja: "Huku ni kwetu, na Molo pia ni kwetu." Neno "pia" halina gharama.

4. Simulieni historia ya kijiji pamoja. Wazee wa makabila mbalimbali wakae siku moja na watoto wote, kila mmoja aeleze familia yake ilifikaje hapa: kwa reli, kwa kazi ya setla, kwa skimu, kwa kununua, au ilikuwa hapa kabla ya wote. Mtoto akisikia hadithi zote kutoka kwa wenyewe, hatazisikia tena vibaya kwa mtu mwingine.

5. Chezeni mchezo wa kubadilishana. Watoto wawili wa familia tofauti: huyu aeleze kwa nini mwenzake anapenda nyumbani kwake, kisha wageuze. Hii ndiyo ile mbegu tuliyoisema.

6. Hakikisheni kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Vyeti vingi viliungua. Kikundi kiandike orodha ya wasio navyo na kiwatume wawakilishi wawili kwa chifu waulize utaratibu, badala ya kila mama kwenda peke yake na kurudi mikono mitupu.

7. Wekeni sheria ya kikundi juu ya maneno. Kama vile tunavyotoza faini anayechelewa, tukubaliane kwamba maneno ya kuwaita watu madoa au magugu hayasemwi katika mkutano, na hayasemwi mbele ya watoto, hata kwa mzaha. Hasa mwaka wa kura.

MASWALI YA KUJADILIANA

(a) Ni maneno gani ya "sisi" na "wao" yanayotumika katika kijiji chetu? Watoto wameyachukua wapi?

(b) Tukisema "kwetu" katika kikundi hiki, tunahesabu akina nani? Kuna jirani ambaye hajahesabiwa?

(c) Mtoto wako akiulizwa leo kwao ni wapi, atajibu nini? Nani alimfundisha?

Tunawaomba mwenyekiti na katibu wasome makala haya kwa sauti katika mkutano ujao, polepole, kwa wale wasioweza kusoma. Na kama watoto wapo nje wanacheza, waiteni waingie, wakae mbele.